Maji Yaleyale

Kila majira ya baridi, jangwa linalouzunguka mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hujaa karavani. Watu wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada, wakiikimbia theluji, huja na nyumba zao za magurudumu na kupiga kambi kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho iitwayo La Posa, na wapo wanaokaa hapo tangu Septemba hadi Aprili. Pale ulipoegesha hakufiki bomba la maji wala la kuondoa uchafu. Maji yako ni yale uliyokuja nayo, na uchafu wako unaishi nao mpaka siku utakapoondoka kwenda kuumwaga kwenye kituo kilichotengwa. Katika maisha ya namna hiyo kila lita ina hesabu yake. Choo cha kawaida cha nyumbani kinachouzwa Marekani tangu 1994 hakiruhusiwi kuzidisha lita 6 kila kinapoflashiwa. Kwa kiwango hicho, watu wanne wangelimaliza tangi la lita 150 kabla ya jua la siku ya pili kuzama.

Ndiyo sababu kukabuniwa choo kinachotumia maji yaleyale tena na tena. Unaanza na lita kumi na moja hivi, unatia dawa ya buluu, basi. Ukibonyeza kitufe, pampu ndogo ya umeme wa volti 12 huyavuta maji hayo kutoka ndani ya tangi la choo chenyewe, huyapitisha kwenye chujio, huyazungusha bakulini, nayo huuteremsha uchafu na kurudi yalikotoka. Hakuna bomba la maji safi linalohitajika. Mtu huweza kukitumia makumi ya mara kabla ya kuvuta mkono wa valvu iliyo chini na kuyaacha yote yateremke kwenye bomba la inchi 3. Kampuni ya Thetford, iliyoanzishwa mwaka 1963 mjini Ann Arbor, Michigan, ilikitengeneza choo cha aina hii kwa jina la Electra Magic, na hadi leo zipo karavani za zamani ambazo choo hicho kimekaa sakafuni humo tangu zilipotoka kiwandani.

Msomaji wa Mombasa au Dodoma ambaye hajaingia kwenye karavani anaijua angalau ile buluu: ndiyo iliyo kwenye vyoo vya plastiki vinavyokodishwa kwa ajili ya harusi na mikutano ya hadhara. Kazi ya dawa ni kuzuia harufu na kuwachelewesha bakteria. Kazi ya rangi ni kumficha mtumiaji asiyotaka kuyaona. Zamani dawa nyingi zilikuwa na fomaldehaidi, ambayo inaua bakteria kweli kweli, wakiwemo wale wema wanaofanya kazi ndani ya makaro ya kambi za wasafiri. Kwa hiyo kambi nyingi sasa haziitaki.

Nakiheshimu sana chombo hiki. Ni werevu wa watu waliokubali kwamba maji hayatoshi, wakaacha kulalamika, wakayapa kazi zaidi. Lakini kina sharti moja gumu: kisivuje kamwe. Choo cha nyumbani kikivuja kwenye bomba linaloingia, kinachodondoka ni maji safi. Utakasirikia bili na sakafu iliyolowa. Humu, baada ya siku tatu za matumizi, kinachodondoka ni mkojo, kinyesi kilichosagika na dawa kali, vyote vimepita kwenye pampu mara hamsini. Hakuna tone dogo. Kila tone ni mchuzi uliokolea, na linaangukia kwenye plaiwudi ya chumba ambacho mtu analala hatua mbili kutoka hapo.

Ndege zimetufundisha ukali wa sharti hili kuliko karavani zozote. Ndege za abiria za enzi za Boeing 727 zilikuwa na vyoo vya kanuni ileile: tangi, chujio, pampu, maji ya buluu yanayozunguka. Mpira wa kuzibia kwenye tundu la kumwagia ulipochoka, kioevu kilipenya hadi nje ya bodi, na kule juu kwenye baridi kali kikaganda tabaka juu ya tabaka. Tarehe 4 Januari 1990, ndege ya 727 ya Northwest Airlines, safari namba 5 kutoka Miami kwenda Minneapolis, ilikuwa inapita juu ya Florida wakati bonge la barafu lililotokana na uvujaji wa choo cha mbele lilipobanduka, likaingia kwenye injini ya kulia ya nyuma. Injini hiyo ikang'oka na kuanguka karibu na mji wa Madison. Marubani waliishusha ndege Tampa na watu wote wakatoka salama. Kuanzia miaka ya 1980 vyoo vya kufyonza kwa hewa vilikuwa vimeshaanza kuchukua nafasi ya vile vya buluu kwenye ndege mpya. Chanzo cha ajali hiyo ni sehemu ileile ambayo tunakwenda kuipigia magoti sakafuni mwa karavani: mpira, tundu, na kioevu kinachotafuta njia.

Kabla ya kugusa spana, jiulize choo kinavuja lini. Swali hili linaokoa kazi ya siku nzima. Kikivuja kimetulia, bila mtu kukibonyeza, mashaka yote yako chini ya usawa wa maji: valvu ya kumwagia, au ufa kwenye tangi. Kikivuja pale tu pampu inapofanya kazi, tangi halina kosa. Angalia gasketi ya pampu, au mpira unaopeleka maji bakulini na klempu zake. Kikivuja barabarani tu, huenda kimejazwa kupita kiasi na maji yanaruka kwenye kona, au bolti zinazokishika sakafuni zimelegea na choo kinacheza. Na kikivuja wakati wa kumwaga peke yake, basi tatizo ni kiungo kati ya choo na bomba lililo sakafuni, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapopita kwa dakika moja tu, kisha pakakauka.

Jiulize pia kama kweli ni choo kinachovuja. Maji yasiyo na rangi wala harufu hayajatoka kwenye tangi la buluu. Asubuhi ya baridi kuta za plastiki hutoka jasho, na jasho hilo hukusanyika pembeni mwa kitako likaonekana kama uvujaji kamili. Tena bafu na sinki la karavani vimebanana na choo, na mabomba yao hupita nyuma yake. Nimeona vyoo vizima viking'olewa na kurudishwa kwa sababu ya kiungo cha bafu kilicholegea.

Rangi ileile iliyokusudiwa kuficha uchafu, kwa fundi ni shahidi. Buluu ikikauka huacha mchirizi, na mchirizi huo unaweza kuufuata kwa tochi kutoka sakafuni kupanda juu. Sehemu ya juu kabisa yenye doa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Usiridhike na dimbwi. Maji yanayotoka nyuma kwenye pampu yanaweza kutambaa kwenye ukingo wa tangi, yakazunguka nusu ya kitako na kudondokea mbele. Chini ya sakafu mambo ni magumu zaidi, kwani karavani nyingi zimefunikwa tumbo kwa karatasi nene ya plastiki inayoyashika maji kwa majuma kabla ya kuyaachia mahali pengine kabisa.

Kama mchirizi hausemi kitu, fanya jaribio. Mwaga choo kwenye kituo, kijaze maji matupu, endesha kilomita chache ili maji yasugue kuta za ndani, kisha mwaga tena. Rudia hadi yanayotoka yawe hayachukizi kuyatazama. Sasa tia lita kumi za maji safi na rangi ya chakula, nyekundu, usije ukadanganywa na mabaki ya buluu. Kausha kila kitu nje kwa kitambaa. Tandika tishu nyeupe kuzunguka kitako chote, chini ya pampu, na chini ya gari pale bomba linapotokea. Acha saa kadhaa bila kubonyeza. Kama tishu ni nyeupe bado, bonyeza mara tano na uangalie tena. Kama bado, ondoka na gari ukazunguke mtaa wenye mashimo. Tishu itakayokuwa ya kwanza kugeuka nyekundu inakupa jibu, na unalipata ukiwa unashika maji ya rangi ya chakula badala ya yale mengine.

Napenda kulisisitiza jaribio hili kwa sababu watu wengi hulikimbia. Wanaona maji kwenye kitako, wananunua silikoni ya kubana, wanazungushia choo chote ukanda mweupe. Hilo ni kosa lenye madhara. Silikoni haitibu mpira uliochoka. Inachofanya ni kuyazuia maji yasionekane. Yanabaki chini ya kitako, yanainywesha plaiwudi, na baada ya mwaka mmoja sakafu inabonyea ukiikanyaga.

Mkosaji wa mara nyingi ni valvu ya kumwagia. Ndani yake kuna kisahani bapa cha plastiki, mafundi huweza kukiita ulimi, kinachoteleza kati ya mipira miwili ukivuta mkono. Mipira hiyo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mchanga na vipande vya tishu vinavyonasa kwenye mfereji wa ulimi, hata ukawa haufiki mwisho. Umeusukuma ukadhani umefunga, kumbe umebaki upenyo wa unene wa kucha. Ya pili ni ukavu. Karavani hulala miezi mingi bila kutumika, na mpira usiolowa hukakamaa na kupasuka midomo. Kwa hiyo usikimbilie kufungua. Kwanza sukuma na kuvuta ulimi mara nyingi huku maji safi yakipita, paka grisi ya silikoni kwenye ulimi ukiwa umevutwa nje, kisha rudia jaribio la rangi. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Usitumie mafuta ya kujipaka ya petroli, hata kama kopo liko karibu: kuna aina za mpira zinazovimba na kulainika yakizigusa, na utakuwa umeununulia ugonjwa mpya.

Kama bado kinavuja, choo lazima king'oke. Vaa glavu. Toa fyuzi ya pampu au ondoa waya wa betri, piga picha waya za pampu kabla ya kuzitenganisha, fungua bolti za kitako, kisha inua wima. Tafuta mtu wa pili, kwani hata kikiwa tupu bafu la karavani halina nafasi ya kugeuka nacho, na ukikiinamisha yatakuja maji ambayo uliapa yameisha. Kilaze kwenye plastiki nje, kivulini. Fungua bolti za valvu, toa mipira yote miwili hata kama mmoja unaonekana mzima, na safisha mifereji kwa brashi laini. Bisibisi au kisu vitaacha mkwaruzo, na mkwaruzo mmoja kwenye plastiki unatosha kuwa njia ya maji. Mipira mipya ina uso na mgongo; mdomo wake uelekee jinsi ule wa zamani ulivyoelekea. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kukingamanisha, hii kisha ile ya kona ya pili. Plastiki haikazwi kwa nguvu za chuma. Ukizidisha, valvu inapinda, na ulimi ambao jana ulikuwa ukiteleza leo utakwama.

Choo kikiwa nje ndiyo nafasi pekee ya kuikagua sakafu, na hii ni sehemu ambayo fundi mvivu hujulikana. Chomachoma plaiwudi kwa ncha ya bisibisi kuzunguka tundu. Ikiwa ngumu, ioshe kwa sabuni, iache ikauke na feni juu yake, hata kama ni siku mbili. Ikiwa inaingia kama keki, ikate hadi ufikie mbao nzima na uweke kiraka, kwa sababu bolti zilizoshika ubao mbovu hazishiki kitu; choo kitacheza barabarani na mipira yako mipya itasagika. Ukitaka kupitisha jiki sakafuni, osha kwanza mkojo na dawa vyote vitoke. Mkojo huzalisha amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa gesi inayounguza mapafu. Chumba chenyewe ni cha upana wa mikono miwili. Fungua dirisha na mlango kabla ya kumimina chochote.

Mpira unaokaa kati ya choo na flenji ya sakafu nao ubadilishe wakati huohuo, bei yake ni ndogo. Kwenye nyumba za Marekani sehemu hiyo huzibwa kwa pete ya nta. Usiipeleke kwenye karavani: gari linalotikisika na kuachwa juani huifanya nta ihame na kulainika. Tumia mpira au sponji iliyotengenezwa kwa vyoo vya magari.

Pampu haina mambo mengi. Mota imekaa juu, mhimili wake unashuka kwenye kioevu, na kati yao kuna gasketi. Ukiona unyevu umetokea juu na kuteremka kila unapobonyeza, gasketi imekwisha au mpira wa kupeleka maji bakulini umekakamaa kwenye klempu. Ukate kipande kilichokakamaa kama urefu unaruhusu, la sivyo weka mpya. Kuna pia uvujaji unaosababishwa na povu. Watu humimina sabuni ya vyombo kwenye tangi kwa nia njema, pampu inaipiga, povu linapanda na kutokea kila upenyo. Dawa za vyoo vya kuzungusha maji hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na hiyo ni sababu tosha ya kutobuni ya kwako.

Ufa kwenye tangi ndio mtihani. Mara nyingi utaukuta karibu na tundu la bolti iliyokazwa kupita kiasi, au chini, pale maji yaliyosahaulika yalipoganda kwenye majira ya baridi ya Michigan. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na plastiki iliyozeeka haina pa kuyapeleka. Kabla ya kununua gundi, jua una plastiki gani. Kwangua unyuzi mdogo kutoka ukingo usioonekana na uudumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Ukizama, yaelekea ni ABS, na hiyo inakubali gundi yake ya kuyeyusha, ileile ya mabomba meusi. Ukielea, ni jamii ya polithini, na hapo hakuna gundi ya dukani itakayodumu. Inataka kuchomelewa kwa joto na ujiti wa plastiki ya aina yake, kazi ya mtu aliyeizoea. Kwa ABS, toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, kwaruza pande zote kwa msasa, weka kiraka cha ABS kinachopita ufa kwa vidole viwili kila upande, na kiache siku nzima kabla ya maji.

Si kila choo kinastahili jitihada hiyo. Ufa uliopita kwenye kona ya tangi, au kwenye kiti cha valvu, hutarudi tena kuuamini, na choo chenye umri wa miaka arobaini ambacho mipira yake haipatikani kitakula pesa za kipya. Lakini kama tangi ni zima na sakafu ni ngumu, kukitupa kwa sababu ya mipira miwili ni hasara ambayo siwezi kuitetea mbele ya mtu anayehesabu lita zake jangwani.

Kikisharudi mahali pake, usikipe dawa bado. Jaza maji ya rangi nyekundu, tandika tishu upya, kiache usiku kucha, kisha bonyeza, kisha endesha, kisha mwaga, ukikagua baada ya kila hatua. Tishu zikibaki nyeupe hatua zote nne, mimina lita kumi na moja za maji na dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na gari likienda kulala kwa msimu wa baridi, mwaga kila kitu, vuta ulimi upakwe grisi, na pitisha kwenye pampu kile kioevu cha waridi cha kuzuia kuganda kilichotengenezwa kwa propilini glaikoli. Kile cha kijani cha kwenye rejeta ya injini ni sumu, na hakina kazi kwenye choo.